Mkono wa kwiki-rilisi ukivunjika, usinunue mwingine

Haya wasomaji, leo tuiweke tarakilishi kando kidogo tuzungumze kuhusu baiskeli. Msinung'unike. Najua wengi wenu huja hapa kusoma mambo ya programu na hifadhidata, lakini kifaa ninachotaka kukisema kina kila ugonjwa tunaoulalamikia kwenye programu mbovu. Kinaficha hali yake. Kitabu chake cha maelezo kilipotea zamani. Na kila kasoro ilipogunduliwa, wenye kukitengeneza walibandika kiraka juu ya kiraka. Tofauti ni moja tu: programu ikikwama unazima na kuwasha tena. Gurudumu la mbele likichomoka ukiteremka Ngong, hakuna kuwasha tena.

Kifaa chenyewe ni ule mkono mdogo wa chuma ulio katikati ya gurudumu la baiskeli ya milimani, unaoufungua na kuufunga bila spana. Mafundi wetu wanauita kwiki-rilisi, nami nitauita hivyo hivyo. Maoni yangu nayatoa mapema ili asiye na muda asihangaike kufika chini: mkono wa gurudumu la mbele ukivunjika, usiuchomelee, wala usinunue mwingine wa aina ile. Weka bolti. Sasa nieleze kwa nini.

Katikati ya gurudumu kuna habu, na ndani ya habu kuna ekseli yenye tundu kama mrija. Ndani ya tundu hilo hupita ufito wa chuma wenye unene wa milimita 5. (Wazungu wanauita mshikaki, na jina hilo linaufaa, nyama ikiwa ni gurudumu.) Upande mmoja wa ufito kuna nati, upande wa pili kuna mkono wenye kemu, yaani kipande cha duara ambacho kitovu chake hakiko katikati. Ukiulaza mkono, kemu inauvuta ufito, na ncha mbili za foko zinabanwa kati ya kemu na nati. Basi. Kinachoshikilia gurudumu lako ni mvutano wa ule ufito, kama waya wa gitaa uliokazwa. Ukubwa wa mkono hausaidii kitu, wala rangi yake.

Tatizo la kwanza ni la kiolesura. Mkono huu una miondoko miwili. Unaweza kuulaza kutoka nje kuja ndani, ambao ndio mwondoko wa kufunga, na unaweza pia kuuzungusha kama mfereji wa maji, ambao kazi yake ni kurekebisha tu. Mtu asiyefundishwa huuzungusha hadi uwe mgumu, anauacha umelala sambamba na foko, anaondoka akiwa na amani. Ukiutazama kwa mita moja huwezi kuutofautisha na mkono uliofungwa sawasawa. Kwa lugha yetu ya kazi: kigezo kina thamani mbili, kweli na si kweli, lakini skrini inaonyesha picha ile ile kwa zote mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akikuletea programu ya namna hiyo utamrudishia akaandike upya.

Katika jengo tunalofanyia kazi, baiskeli tano au sita huegeshwa karibu na kibanda cha walinzi. Nina tabia mbaya ya kuzikagua za wenzangu wakati wa chakula cha mchana, kama mtu anayesoma kodi ya wengine bila kuombwa. Mwaka jana nilikuta mbili ambazo mkono wa mbele ulikuwa umezungushwa badala ya kulazwa. Mwenye moja, mhasibu, alikuwa ameinunua dukani ikiwa imefungwa hivyo na muuzaji mwenyewe, na alikuwa ameiendesha kwa miezi minne kwenye Thika Road pamoja na malori. Nilipomwonyesha alikasirika. Hakulikasirikia duka, alinikasirikia mimi, kwa sababu sasa angelala akiwaza.

Kufunga sawasawa ni hivi. Ulaze mkono polepole. Unapofika katikati ya safari yake, yaani unapoelekea nje moja kwa moja kama muendelezo wa ekseli, ndipo uanze kuhisi ugumu. Kutoka hapo unausukuma kwa kiganja, na unapomaliza kiganja kibaki na alama. Ukiufunga kwa kidole kimoja, haujafunga. Kisha tazama ncha za foko: kanuni za shirikisho za Marekani kuhusu baiskeli, sehemu ya 1512, zinataka kifungio cha namna hii kionyeshe wazi kama kimefungwa au kiko wazi, na kinapobana kiache alama kwenye foko au fremu. Kwa hiyo yale meno madogo yaliyochimba rangi ya foko yako si uharibifu. Foko safi isiyo na alama ndiyo ya kuogopa.

Kifaa hiki kilitoka wapi? Hadithi inayosimuliwa sana ni ya Tullio Campagnolo, mwendesha baiskeli wa mashindano kutoka Italia. Inasemekana mwaka 1927, katika kilima cha Croce d'Aune, baridi ilimganda vidole akashindwa kufungua nati za gurudumu, akapitwa na wenzake, akaenda nyumbani kubuni dawa. Wanahistoria wa baiskeli wameitilia shaka hadithi hiyo, lakini jina lake ndilo lililokienezea kifaa hiki dunia nzima, na kampuni yake aliyoianzisha Vicenza mwaka 1933 ipo hadi leo. Zingatia tu hadithi inahusu nini. Inahusu mashindano. Inahusu mtu ambaye sekunde thelathini zinamnyang'anya ushindi, mwenye baiskeli mpya, breki za kubana rimu, na anayejua kifaa chake kama ajuavyo jina la mamake. Wewe na mimi tunatoa gurudumu mara ngapi? Pancha, na pale unapotaka kuitia baiskeli ndani ya buti ya gari. Hakuna anayetushikia saa.

Kisha vikaja viraka. Watu wa kawaida walipoanza kuuziwa baiskeli zenye kwiki-rilisi, wengine walisahau kufunga, magurudumu yakachomoka, kesi zikaenda mahakamani huko Marekani. Watengenezaji wakaongeza vijukingo vidogo mwishoni mwa mianya ya foko ili gurudumu lisidondoke hata mkono ukiwa wazi. Waendeshaji wa huko walivipachika jina la dhihaka, midomo ya mawakili. Vinaokoa watu, sivipingi hata kidogo, na ukimwona fundi anavikata kwa tupa ili "kurahisisha", mnyang'anye tupa. Lakini tazama vilifanya nini kwa muundo wenyewe. Hapo awali nati ilirekebishwa mara moja tu, na baada ya hapo ulikuwa ukifungua na kufunga mkono bila kuigusa. Vijukingo vilipokuja, kufungua mkono hakutoshi tena kutoa gurudumu. Lazima uilegeze nati mizunguko kadhaa ili ncha zipite. Maana yake ni kwamba kila unapolirudisha gurudumu, unaanza kurekebisha upya kwa kukisia. Haraka imekwisha, na nafasi ya kukosea ambayo ilikuwa moja katika maisha ya baiskeli sasa inakuja kila ukipata pancha. Kama si jina, kingekuwa kifaa kingine kabisa.

Kiraka cha pili hakikuwa kiraka, kilikuwa mzigo mpya juu ya msingi wa zamani: breki za diski. Hapa nawaomba uvumilivu, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo nikiwaeleza mafundi wanaanza kunisikiliza. Mwaka 2003 mwanasayansi Mwingereza, James Annan, alichapisha kwenye mtandao hesabu iliyowaudhi watengenezaji wengi. Kalipa ya breki ya diski kwa kawaida hufungwa nyuma ya mguu wa kushoto wa foko. Gurudumu likizunguka kwenda mbele, upande wake wa nyuma unapanda juu. Breki inapoushika upande huo, inausukuma kwenda chini. Na mianya ya foko za wakati huo ilikuwa inatazama wapi? Chini. Kwa maneno mengine, kila ukifunga breki ya mbele, breki inajaribu kulitoa gurudumu nje ya foko.

Na si kwa nguvu kidogo. Gurudumu la inchi 26 lina nusu kipenyo cha takriban sentimita 33. Diski ya milimita 160 ina nusu kipenyo cha sentimita 8, na breki hushika ndani kidogo ya hapo. Gawanya. Nguvu iliyo kwenye diski ni zaidi ya mara nne ya ile iliyo kati ya tairi na ardhi. Uzito wako juu ya gurudumu unapunguza sehemu yake, lakini ukifunga breki kwa nguvu kwenye mteremko, kinachobaki kinabebwa na mbano wa ufito wa milimita 5, pamoja na vile vijukingo. Kwiki-rilisi nzuri iliyofungwa vizuri inaubeba mzigo huo. Ile iliyozungushwa kama mfereji, je? Na ile iliyovunjika ikachomelewa?

Sasa mwaka 2015 ikajitokeza kasoro nyingine ambayo hata aliyefunga vizuri mwanzoni anaweza kuumizwa nayo. Mwezi wa Aprili kampuni ya Trek ilitangaza kuziita tena baiskeli takriban 900,000 nchini Marekani na 98,000 Kanada, za miaka ya 2000 hadi 2015. Mkono wa mbele, ukifunguka, uliweza kuzunguka zaidi ya nyuzi 180 na kuingia kwenye diski ya breki. Gurudumu linasimama ghafla au linachomoka. Ripoti zilizotajwa zilikuwa tatu: mmoja alipooza mikono na miguu, mmoja aliumia uso, mmoja alivunjika kifundo cha mkono. Septemba mwaka huo huo watengenezaji wengine 13 walifuata, wakiwamo Giant, Cannondale na Specialized, kwa baiskeli nyingine takriban milioni 1.3 za Marekani. Kipimo walichopewa wenye baiskeli kilikuwa rahisi ajabu: fungua mkono hadi mwisho, usogeze karibu na diski, kisha ujaribu kupitisha penseli ya kawaida ya milimita 6 katikati. Isipopita, baiskeli hiyo imo.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu baiskeli nyingi za milimani zinazouzwa kwetu ni za mtumba. Zinatoka nje zikiwa na alumini nzuri, gia nzuri, breki za diski, kwa bei ambayo mpya ya namna ile huwezi kuigusa. Naziunga mkono, hata yangu ni ya mtumba. Lakini baiskeli ya mtumba inapopanda meli haibebi kitabu cha maelezo. Kilibaki kwenye droo ya mwenye kwanza. Wala tangazo la kuita tena haliifuati. Lilitolewa kwa aliyeinunua dukani huko, na mnunuzi wa Nairobi hayuko kwenye orodha ya mtu yeyote. Tunapokea msimbo bila nyaraka, na hitilafu zilizokwisha kutangazwa kwingine zinatufikia kama siri. Kwa hiyo chukua penseli. Mtoto wa nyumbani hatakosa nayo.

Turudi kwenye kuvunjika. Mkono wa alumini huvunjika zaidi shingoni, pale unapoungana na kemu, na sana sana kwa sababu mtu aliugongesha, au aliupindua kwa bomba ili uwe mgumu zaidi, kisha akaunyoosha. Alumini haisamehi kunyooshwa. Kuna mivunjiko mingine isiyo na kelele, na hiyo ndiyo inayonitia hofu. Kwiki-rilisi nyingi za bei ndogo, na hata baadhi ya zile nyepesi za bei kubwa, zina kemu iliyo nje, ikikaa juu ya washa ya plastiki yenye umbo la mwezi mchanga. Vumbi na tope vinaingia hapo, plastiki inalika au kupasuka, na mkono unaanza kufungika kwa urahisi kuliko zamani. Mwenye baiskeli anafurahi eti umelainika. Zile za kizamani zaidi zina kemu iliyofichwa ndani ya kifuniko cha chuma chenye grisi. Marehemu Sheldon Brown, fundi wa Massachusetts aliyefariki mwaka 2008 na ambaye kurasa zake za mtandao bado ni chuo kwa mafundi, alisisitiza miaka yote kwamba hii ya ndani ndiyo bora. Ukiikuta kwenye rundo la spea za mtumba, hata ikiwa na kutu ya juu juu, ni bora kuliko mpya yenye plastiki.

Wa tatu ni nati. Ikiwa ni ya alumini juu ya ufito wa chuma, thredi zake hulika baada ya kukazwa na kulegezwa mara nyingi, na kumbuka kwamba vijukingo vinakulazimisha kuikaza na kuilegeza kila mara. Ukiona nati inazunguka bila kufika mwisho, usiendelee kuendesha. Na kwa ndugu zetu wa Mombasa na Malindi: utoe ufito nje mara moja moja, uufute, uupake grisi. Chumvi inaingia ndani ya ekseli ambako jicho halifiki.

Mkono ukivunjika ukiwa umefungwa, gurudumu bado linabanwa lakini huwezi kulitoa. Wengi hapo hushika nyundo. Nyundo haina kazi hapa, foko ndiyo itakayoumia. Shika kisiki kilichobaki kwa spana ya kurekebisha au koleo la kufunga, ukizungushe upande wa kufungua. Kemu haijui kama mkono upo au haupo. Kisiki kikiwa kifupi mno, kishike kisizunguke, kisha ulegeze nati ya upande wa pili. Hata hiyo ikikataa, chukua msumeno wa chuma ukate nati pamoja na ufito, polepole, ukiielekeza meno mbali na foko. Ufito ni spea. Foko ni nusu ya thamani ya baiskeli.

Ukivunjika ukiwa wazi, uko Karura au Hell's Gate, jua linazama? Unaweza kuifunga kemu kwa spana ukapata mbano wa kukuwezesha kuisukuma baiskeli hadi langoni. Kuisukuma, nimesema, wala si kuipanda. Kuna wanaofunga waya au kamba ya plastiki ili kisiki kisifunguke halafu wanapanda. Waya unazuia kemu kuzunguka, haurudishi mvutano uliokwisha kupotea.

Sasa kwa mafundi. Nawaheshimu sana mafundi wa jua kali, na sikubali ile kejeli ya kwamba wanaharibu kila wanachogusa. Mtu anayeweza kuifanya Black Mamba ibebe magunia mawili ya viazi anajua chuma kuliko mimi na shahada yangu. Lakini katika jambo hili nimeona marekebisho mawili ambayo lazima nipinge. La kwanza ni kuchomelea. Mashine ya kawaida ya kuchomelea geti haichomelei alumini, na hata mkono ukiwa wa chuma, joto linaidhoofisha kemu pale pale inapobeba mzigo.

La pili lina akili zaidi, ndiyo sababu ni hatari zaidi: kununua ufito wa thredi wa milimita 5 kwenye duka la vyuma, kuukata kwa kipimo, na kufunga nati mbili. Kwa macho ni kitu kile kile. Ila, kwanza, ufito wa dukani mara nyingi ni chuma laini. Chuma cha milimita 5 cha daraja la 8.8 hustahimili mvuto wa takriban kilonewtoni 8 kabla ya kurefuka moja kwa moja. Cha daraja la 4.8 kinaishia kwenye 4.4 hivi. Umeuziwa karibu nusu, na haujaandikwa popote. Pili, nati ya milimita 5 ina upana wa milimita 8, na mwanya wa foko ya mbele una upana wa milimita 9. Yaani nati inaweza kupita katikati ya mwanya kama mbuzi kwenye ua uliobomoka. Fundi anaweka washa, washa ni bati, bati linapinda, mvutano unakwisha. Mteja anaondoka na baiskeli iliyofungwa kwa kitu ambacho kitashika vizuri kabisa hadi siku ya breki ya ghafla.

Ninachopendekeza ni ufito wa bolti. Ni ule ule wa milimita 5, unapita kwenye ekseli ile ile, lakini mahali pa mkono na kemu kuna kichwa cha bolti cha kukazwa kwa spana ya aleni ya milimita 5, na nyuso zinazogusa foko zina meno ya chuma. Huuzwa pia kwa jina la kifungio cha kuzuia wizi, na hiyo ni faida ya bure kwa yeyote anayefunga baiskeli nje ya supamaketi: mwizi wa kwiki-rilisi anahitaji sekunde tano na mikono mitupu. Kipime kabla ya kununua. Habu ya mbele ya kawaida ina upana wa milimita 100, ya nyuma ya baiskeli nyingi za milimani za zamani 135, na ufito wa mbele hautafika ukiupeleka nyuma. Hakikisha thredi zinaingia ndani ya nati yote, si nusu.

Kuna njia nyingine ambayo mafundi wetu wanaiweza vizuri sana na sijui kwa nini wateja wanaiona ya kishamba: kuitoa ekseli yenye tundu na kuweka nzima, yenye nati pande zote mbili, ya kukazwa kwa spana ya 15. Tahadhari ni moja. Ekseli ya mbele ya kwiki-rilisi huwa ya milimita 9 na ya nyuma milimita 10, zenye thredi za milimita 1. Ekseli nzima za kawaida ni za vipimo vya Kiingereza, inchi 5/16 mbele na 3/8 nyuma. Ya 3/8 ina milimita 9.5, kwa hiyo machoni ni pacha wa ile ya 10, lakini koni za moja hazikai kwenye nyingine. Fundi akibadilisha ekseli, abadilishe na koni zake. Akikwambia "itaingia tu", ni kweli itaingia, na mipira ya beringi itaanza kulia wiki ya pili.

Watanijibu wapenzi wa kwiki-rilisi kwamba kifaa hakina kosa, ni watu wasiojua kukitumia. Nimeisikia kauli hii miaka yote kwenye kazi yangu, na kwa kawaida anayeisema ndiye aliyeandika programu. Kifaa kinachohitaji somo, kisichotoa ishara kikikosewa, na kinachouzwa kwa mtu ambaye hakupewa somo hilo, kina kosa. Mwanamashindano aendelee nacho. Gurudumu la nyuma pia nalivumilia, kwa kuwa likilegea kwanza linakusumbua kwa mnyororo na gia kabla ya kukuangusha. La mbele halina salamu.

Mbona wenyewe wameanza kukiacha? Foko za milimani za miaka ya karibuni zina ekseli ya kupenya, nene, inayopita kwenye matundu kamili badala ya mianya. Fox na Shimano walileta ya milimita 15 kwa foko za mwaka 2009, na nyuma ikaja ya milimita 12. Gurudumu haliwezi kuchomoka ekseli ikiwa ndani. Mkono wake ukivunjika, nyingi hufunguliwa kwa spana ya aleni, na kuna zisizo na mkono kabisa. Tatizo la kuchomoka limekwisha. Lakini wahandisi ni watu wale wale, kwa hiyo kwenye ekseli za nyuma za milimita 12 wametuletea thredi za aina tatu: nafasi ya milimita 1.0, ya 1.5 na ya 1.75. Zinafanana, zina unene mmoja, na ukiilazimisha isiyo yake unaharibu fremu. Sisi tunaopambana na matoleo ya maktaba za programu tunaijua hali hii.

Ukinunua baiskeli ya mtumba ya namna hiyo bila ekseli, au ekseli imekatika, usikisie. Ukiwa na kipande cha ile ya zamani, nenda kwa yeyote anayefungua gurudumu la Probox. Nati ya gurudumu la Probox ni ya milimita 12, nafasi 1.5. Ikiingia kwenye ekseli yako kwa vidole hadi mwisho, umeshajua uagize ipi. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja au miwili, itoe, ujaribu nati ya kawaida ya milimita 12 kutoka duka la vyuma, ambayo ni 1.75. Zote mbili zikikataa na thredi hazijaharibika, yaelekea unashika ya 1.0, na hiyo mafundi wengi hawana, itabidi uagize na usubiri.